Friza ya stoo ya uani na baridi ya Uyole

Nilipoanza kuchinja kuku wa nyama kwa ajili ya kuuza hapa Uyole, niliamini kwamba anayeishi kwenye baridi kama yetu hana sababu ya kuumiza kichwa juu ya friza. Ndugu zetu wa Dar es Salaam ndio wa kuhangaika, nilijiambia, kwa sababu kule hata maji ya bomba hutoka ya uvuguvugu. Sisi wa Mbeya, ambao mwezi wa saba tunakaa tumejifunga mablanketi karibu na jiko la mkaa, nusu ya kazi tumeshafanyiwa na mlima. Imani hiyo ilinipotezea kuku 22 waliokwisha kuchinjwa, fedha ya fundi mara mbili na mteja mmoja wa baa ambaye hakurudi tena.

Nyumba yetu ina stoo ya uani, hatua kama 15 kutoka mlango wa jikoni. Imejengwa kwa tofali za kuchoma, ina sakafu ya saruji na bati lisilo na dari, na kabla ya hapo tulikuwa tunaitumia kuwekea mahindi, mbolea na baiskeli mbovu. Mwezi wa pili mwaka ule tulinunua friji ya mkono wa pili, ile ya milango miwili, chumba cha kugandisha kikiwa juu na cha kupoza chini, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama mji. Ililetwa na kirikuu ikiwa imesimama wima na kufungwa kamba. Dereva alisisitiza tuiache kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya mota yatulie, nasi tukamtii. Ikafanya kazi vizuri mwezi wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano. Kuku walikuwa wanakuwa wagumu kama tofali, na mama lishe wawili wa njia panda wakawa wateja wangu wa kila wiki.

Kipupwe kilipoingia, mambo yakabadilika bila kelele. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, yapata saa kumi na mbili na nusu, nilikwenda stoo kumtolea mteja kuku wanne. Mfuko wa juu kabisa niliposhika ulibonyea. Kuku hakuwa ameyeyuka kabisa; ndani ya kifua alikuwa bado na ugumu, lakini ngozi na mapaja vilikuwa laini, na kwenye sakafu ya chumba cha juu kulikuwa na utando wa barafu wenye rangi ya waridi, unene wa kama kadi mbili za simu. Nilitazama utando ule bila kuuelewa. Sasa najua ulikuwa unaniambia jambo zima: maji ya kuku yalikuwa yamechuruzika usiku, yakaganda mchana, yakachuruzika tena usiku uliofuata, na mimi nilikuwa nafungua friji saa nne asubuhi au saa kumi jioni, wakati kila kitu kinaonekana kizima.

Fundi wa kwanza alikuja saa sita mchana. Jua lilikuwa limewaka, mota ilikuwa inanguruma, na chumba cha juu kilikuwa kinashika baridi. Akasikiliza, akagusa bomba za nyuma, akasema gesi imepungua. Akaongeza gesi, nikamlipa. Siku tatu baadaye barafu ya waridi ilikuwa imerudi, nikamwita tena, naye akaja tena mchana, safari hii akasema tatizo ni raba ya mlango. Akabadilisha raba, nikamlipa tena. Simwiti mwizi. Alitibu kile ambacho saa sita mchana ilimwonyesha, na mimi niliyekuwa nalala hatua 15 kutoka kwenye friji hiyo sikuwa nimemweleza kwamba ugonjwa hutokea usiku.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, fundi friji aliyestaafu, jirani wa baba mdogo. Nilimsimulia yote baada ya kumwamkia, naye akaniuliza swali moja tu: "Inayeyuka saa ngapi, mwanangu?" Kesho yake alikuja saa kumi na mbili asubuhi, amevaa koti zito na kofia ya sufu, kipimajoto cha kioo kikiwa mfukoni. Akakitundika kwenye msumari ukutani tukasubiri. Kilisoma nyuzi joto 6. Akaweka kiganja juu ya mota: ya baridi, kama jiwe la mtoni. Akafungua mlango wa chini, taa ikawaka, maana yake umeme upo. Akaingiza kipimajoto humo, kikasoma nyuzi 5.

"Friji hii haiumwi," akasema. "Ila haijui kama huko juu kuna nyama."

Alinieleza kwa utaratibu, na nitajaribu kueleza kama nilivyomwelewa. Friji nyingi za aina ile zina mota moja na kirekebisha joto kimoja tu, ambacho watu wengi hukiita thamostati, na hicho kimoja kimewekwa katika chumba cha kupoza, siyo cha kugandisha. Kazi yake ni kuwasha mota pale chumba cha chini kinapopata joto, na kuizima kinapofika kama nyuzi 4 au 5. Chumba cha juu hugandishwa kwa kudandia safari hiyo hiyo: mota ikizunguka kwa ajili ya maziwa na nyanya za chini, nyama ya juu nayo inaganda. Ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 mpango huo hauna shida, kwa sababu chumba cha chini kinapata joto kila baada ya muda mfupi na mota inaitwa kazini mara nyingi. Lakini stoo yangu ya uani ilikuwa inalala kwenye nyuzi 6. Chumba cha chini kilikuwa kimepozwa na hewa ya Uyole bila msaada wa mtu, thamostati ikaridhika, mota ikalala usiku kucha, na kuku wa juu, waliohitaji nyuzi 18 chini ya sifuri, wakaachwa wapande polepole kuelekea joto la stoo. Baridi ndiyo iliyowayeyusha.

Mume wangu hakuamini. Mzee hakubishana naye. Aliomba taa ndogo ya kizamani, ile ya glopu inayotoa joto, ya wati 15, akaiingiza katika chumba cha chini na kufunga mlango juu ya waya wake. Tulisimama pale tukinywa chai. Haikupita robo saa, mota ikashtuka na kuanza kunguruma katika ile baridi, na mume wangu akacheka peke yake. Mzee alisema wapo wanaoacha taa kama hiyo humo msimu mzima wa kipupwe, na kwamba friji nyingine hutoka kiwandani zikiwa na swichi ya kufanya jambo hilo hilo, yaani kuupasha joto kidogo upande wa kupoza ili mota isilale. Mimi niliona ni vichekesho kununua umeme wa kupasha joto kitu ninacholipia umeme kukipoza. Tukaihamishia friji jikoni siku ile ile, na mpaka leo ipo pale, na haijapata kuyeyusha hata donge la barafu.

Wale kuku 22 tuliwafukia kwenye shimo refu nyuma ya mparachichi. Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka Tukuyu, aliumia kuona chakula kinazikwa, akasema, "Mwanangu, si mngewachemsha sana tu?" Nilimweleza kwa heshima kwamba moto huua vijidudu, lakini baadhi ya vijidudu vikishapata nafasi ya kuzaliana huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Nyama iliyoanza kulegea lakini bado ina chembe za barafu ndani inaweza kurudishwa kwenye friza ikiwa hali hiyo imetokea mara moja. Hii yangu ilikuwa imekwenda na kurudi usiku baada ya usiku, na sikuwa na namna ya kuhesabu mara ngapi. Nisingeweza kuwalisha wateja kitu ambacho nisingewalisha wanangu.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kununua friza ya stoo kwa kujua ninachokitafuta. Muuzaji alinionyesha friza za kulala, zile za kifuniko cha juu, akasifia moja kuwa ni ya tropiki, inahimili joto kali. Nikamwomba aigeuze nisome kibandiko cha nyuma. Alishangaa kidogo, akasema, "Dada, wateja huuliza lita na bei, huko nyuma sijawahi kuona mtu anapatazama." Nami nilikuwa nimefundishwa na mzee kwamba huko nyuma ndiko kuna maneno ya kweli. Herufi ya T, ambayo wauzaji huitaja kwa majivuno, maana yake ni kwamba chombo kimekusudiwa kufanya kazi mahali penye hewa ya nyuzi 16 hadi 43. ST ni 16 hadi 38, N ni 16 hadi 32, na SN ndiyo pekee inayoshuka hadi 10, ikiishia 32. Vipo pia vyenye SN-T, yaani kutoka 10 mpaka 43.

Hapa ndipo sisi wa nyanda za juu tunapoponzwa na ramani. Tanzania ipo tropiki, kwa hiyo bidhaa huletwa zikiwa na alama ya tropiki, na kwa Dar es Salaam au Kyela hilo halina ubishi. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi, na anayelala Mafinga au Makete mwezi wa saba hahitaji kuambiwa kwamba nyuzi 16 za usiku ni ndoto. Ndani ya nyumba ya kuishi, yenye watu na moto wa jikoni, tofauti hiyo inasameheka. Kwenye stoo, gereji au banda la uani, ambako hakuna anayepumua usiku isipokuwa panya, chombo kinakutana na hewa yenyewe.

Nilichagua friza ya kulala ya lita 200 hivi yenye SN-T. Hata SN haifiki kwenye nyuzi 6 zangu, na hilo nilimrudia mzee kumuuliza. Akanijibu kwamba friza ya kulala ina chumba kimoja tu, na thamostati yake inapima chumba hicho hicho chenye nyama. Nje kukiwa nyuzi 6, ndani kunakotakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri bado kuna tofauti ya nyuzi 24, kwa hiyo mota itaitwa tu, ingawa mara chache. Kinachobaki kuogopwa ni mafuta ya mota kuwa mazito wakati wa kuwaka kwenye baridi kali, na ndiyo sababu alinitaka nisinunue yenye T peke yake. Anayeishi Kitulo, ambako sakitu huangukia majani, ningemshauri atafute friza ambayo mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba inafaa kwa gereji, au aiweke ndani na kuvumilia kelele.

Jambo la pili nililosoma kwenye kibandiko ni uwezo wa kugandisha kwa saa 24. Yangu imeandikwa kilo 13. Niliona, nikasahau. Ijumaa ya kwanza nikachinja kuku 30, kila mmoja kilo moja na robo hivi, nikawapakia wote kwa pamoja wakiwa bado na uvuguvugu wa mwili. Jumapili jioni wa pembeni walikuwa mawe, na wa katikati wa rundo, nilipomchoma kwa kisu, kisu kikazama. Namba ile haisemi friza inabeba nini. Inasema inaweza kugandisha nini kwa siku moja. Siku hizi nachinja kuku kumi kwa siku kwa siku tatu, nawapoza usiku kucha katika friji ya jikoni, kisha nawapanga wakigusana na kuta za friza, na wale waliokwisha kuganda ndio hukaa katikati.

Umeme unapokatika, friza ya kulala ndipo inapostahili sifa. Hewa baridi ni nzito, hukaa chini, hivyo hata ukifunua kifuniko haimwagiki miguuni kama inavyofanya kwenye friza ya kusimama. Ikiwa imejaa na haifunuliwi, inaweza kushikilia kama siku mbili. Ikiwa nusu, hesabu siku moja. Kwa hiyo mauzo yakipunguza kuku, najaza nafasi kwa chupa za maji, kila moja ikiwa imeachwa wazi kidogo juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Na kuna hila nyingine aliyonipa mzee ambayo naithamini kuliko vipimo vyote. Nimegandisha kikombe cha maji, na juu ya barafu nimelaza sarafu ya shilingi 200, upande wa simba ukilalia barafu. Nikisafiri kwenda Iringa kwa siku nne na kurudi, hilo ndilo jicho langu la kwanza. Sarafu ikiwa juu, hakuna kilichoyeyuka. Ikiwa imezama katikati au chini ya kikombe, hata kama barafu imeganda upya na kila kitu kinaonekana kizuri, najua hapa palikuwa na maji.

Siidanganyi nafsi yangu kwamba friza ya kulala haina kero. Kilichowekwa chini husahaulika. Niliwahi kukuta mguu wa mbuzi wa Pasaka mwezi wa kumi. Mama mkwe, ambaye ni mfupi, hulazimika kupanda juu ya kreti ya soda ili afike chini, na siku moja niliona miguu yake tu. Kuondoa barafu kutani nako ni kazi ya mkono, nami hufanya hivyo unene ukifika nusu sentimita, kwa beseni la maji ya moto na mwiko wa mti, kamwe si kwa kisu, maana kisu kikitoboa bomba la gesi ndiyo mwisho wa friza.

Stoo yenyewe ilinidai fedha ambayo sikuwa nimeipangia. Mwanzoni tulivuta umeme kwa ekstensheni iliyopita dirishani, waya mwembamba wa kuchajia simu, na jioni moja nilipoushika ulikuwa wa moto. Fundi umeme aliuondoa, akapitisha waya wa milimita 2.5 ndani ya bomba, akaweka soketi ya friza peke yake, na akafunga waya wa ardhi, kwa sababu sakafu ya saruji wakati wa masika huwa na unyevu na mimi huingia humo na kandambili zilizolowa. Kwenye soketi tukachomeka kilinzi cha friji, kile kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi ndipo kiuruhusu, kwani mota ikilazimishwa kuwaka kabla gesi haijatulia ndani ya bomba huungua. Friza imekaa juu ya mbao ili chini isishike kutu, na imeachwa nafasi ya kupitisha mkono nyuma na pembeni. Matundu ya panya niliyaziba kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa.

Joto nalo lilikuja kudai haki yake. Mwezi wa kumi, saa nane mchana, kipimajoto cha mzee, ambacho alikubali nibaki nacho, kilisoma nyuzi 34 chini ya lile bati, katika stoo ile ile iliyokuwa na nyuzi 6 miezi mitatu nyuma. Tukapigilia dari ya ubao mwembamba na kuacha matundu ya hewa juu ya ukuta. Sabu mita tuliyofunga kwa ajili ya friza ilihesabu uniti 17 mwezi wa saba na uniti 28 mwezi wa kumi. Kwa nyumba inayokaa kwenye daraja la bei nafuu la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti hizo ndizo zinazoweza kukusukuma nje ya daraja, na kwa hiyo biashara ya kuku ni lazima iwe na uwezo wa kulipia siyo umeme wa friza tu, bali na kupanda kwa bei ya taa na pasi.

Kufuli nililipuuza wakati wa kununua, ingawa friza inayokaa nje ya nyumba inalihitaji. Mwezi wa tano nilirudi kutoka msibani, nikafunua kifuniko, nikakuta kikombe changu kipo, barafu ipo, na juu yake kuna alama ya duara iliyozama kidogo, ndani yake simba akionekana kwa mbali. Sarafu haikuwepo juu wala chini. Nilimwita mwanangu wa mwisho, nikamuuliza. Akaniambia kwamba aliimwagia maji ya moto kidogo tu, mama, na kwamba andazi lilikuwa moja.